Kufunga kiti ya mtoto kwa gari hadi itulie, na mtoto pia atulie

Nilikaa karibu mwaka mzima nikijua kiti ya kijana wetu imefungwa sawa. Niliifunga mwenyewe hapo nje ya nyumba, Lanet, nikaitikisa kidogo, nikaona niko sawa. Halafu Disemba tukiwa tunaenda Ahero kwa kina mama watoto, tukipanda matuta za Salgaa, nikasikia kitu imegonga mlango huko nyuma, kuangalia kwa kioo kiti imelala upande kama mlevi na mtoto ameduwaa tu ndani. Mkanda wa gari nilikuwa nimeupitisha pale pa kuegemeza mikono, sio kwa njia yake. Mwaka mzima, na Naivasha tumeenda, na Eldoret tumeenda.

Tangu hiyo siku nimekuwa yule jamaa wa kusumbua watu pale parking. Nimefunga viti za majirani, za shemeji, za mabeste wa kazi, na karibu zote zilikuwa zinacheza. Na kitu moja nimeona ni kwamba watu hawalegezi mikanda juu ya ujinga, wanalegeza juu ya huruma. Mtoto analia, dani (nyanya yake) amekaa kando anauliza mbona mnafunga mtoto kama mbuzi ya kupeleka soko, basi unalegeza kidogo, halafu kidogo tena. Lakini mara nyingi mtoto halii juu amekazwa. Analia juu kiti inayumba kila kona, au imesimama sana kichwa inamwangukia, au jua ya saa nane inamchoma jicho na hawezi kujikinga. Ukikaza kiti yenyewe na ukapanga mikanda kwa urefu wake, kilio nyingi inaisha. Kwa hivyo hapa sitaweka usalama huku na starehe kule, nitaenda nazo pamoja.

Na kwa wale bado wanasema "mimi namshika vizuri mkononi": fanya hesabu. Gari ikiwa 50 kwa saa igonge kitu na isimame kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anakuvuta mikono kama mzigo wa kilo 140 hivi. Hiyo ni karibu gunia moja na nusu ya mahindi. Hakuna mama ama baba wa kushika hiyo. Na usijifunge mkanda mmoja na mtoto akiwa kwa mapaja, juu mkigonga wewe ndio utamponda.

Kwanza jua uko na kiti gani

Geuza kiti utafute stika. Za Ulaya huwa na stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na imeandikwa R44 ama R129, hizo ni kanuni mbili za usalama wa kiti. R44 inaenda kwa kilo: 0+ ni mpaka kilo 13, kundi la 1 ni kilo 9 mpaka 18, la 2 ni 15 mpaka 25, la 3 ni 22 mpaka 36. R129, ile wanaita i-Size, ilianza 2013 na inaenda kwa urefu wa mtoto, na inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apitishe miezi 15. Kiti za Marekani hazina hiyo stika ya E, zinaandika paundi, inchi, na mara nyingi ziko na klipu ya kifuani.

Kuangalia nyuma maana yake mgongo wa mtoto uko upande wa dashibodi. Watu hufikiria ni ya watoto wachanga tu na wakifika mwaka moja wanageuza kiti haraka ati miguu imejikunja. Wachana na miguu. Mtoto mdogo kichwa yake ni nzito ukilinganisha na mwili wake na shingo haijakomaa, sasa mkigongana uso kwa uso akiwa ameangalia mbele, mwili unashikwa na mikanda lakini kichwa inaruka mbele na shingo ndio inaibeba. Akiangalia nyuma kiti yote inampokea, kichwa na mgongo pamoja. Mwache hivyo mpaka ajaze kilo ama urefu ulioandikwa kwa kiti, hata kama ni miaka mitatu. Kukunja miguu kwake ni kama wewe kukaa kwa mkeka, hawaumii.

Kama ni mtumba, hapo pole pole. Kibuye siku ya soko utaona viti safi kabisa, na onlaini ndio usiseme, lakini angalia tarehe kwanza. Iko imechapwa kwa plastiki chini ama nyuma, na nyingi ziko na maisha ya kati ya miaka 6 na 10, baada ya hapo plastiki imechoka na jua hata kama haina ufa. Ikikosa stika, ikikosa mkanda hata mmoja, iwe na ufa, ama muuzaji hajui kama imewahi kuwa ndani ya ajali, iache hapo, hata kama ni ya elfu mbili. Kitabu cha maelekezo ikikosekana sio shida kubwa, chukua namba ya modeli kwa stika uitafute kwa intaneti. Na kisome. Najua hakuna mtu husoma, mimi pia sikusoma, ndio nikapata ile aibu ya Salgaa.

Mahali ya kuiweka

Nyuma. Kiti ya kuangalia nyuma haiwekwi mbele mahali kuna eabegi inayofanya kazi, hiyo haina mjadala, juu eabegi ikilipuka inagonga mgongo wa kiti pale pale kichwa ya mtoto iko.

Katikati ya siti ya nyuma ni mbali na milango yote miwili, lakini gari zetu nyingi hapo kati kuna mkanda wa kiunoni peke yake, ama kuna mwinuko na kiti haitulii. Kiti iliyokaza vizuri pembeni inashinda iliyolegea katikati. Mimi naweka upande wa kushoto, nyuma ya abiria, juu huku tunaendesha kushoto, ukisimama Kenyatta Avenue ama Kondele unamtoa mtoto upande wa watembea kwa miguu badala ya kufungulia tuktuk na boda mlango.

Kufunga na mkanda wa gari

Hii ndio wengi tutatumia, kwa hivyo nitakaa hapa.

Simamisha gari mahali tambarare. Nyinyi wa Milimani hapa Nakuru shukeni chini mpaka mpate tambarare, juu levo ya kiti, ile alama ya kuonyesha mlalo, ikisomwa kwa mlima inakudanganya. Sogeza siti ya mbele upate nafasi ya kuingia mzima mzima, hii kazi haifanywi ukiwa umesimama nje umeingiza mkono moja.

Weka kiti na upange mlalo wake kwanza, kabla ya mkanda. Mtoto mchanga anataka alale kama nyuzi 45, ukikosa levo kwa kiti chukua karatasi ya mraba ukunje kona kwa kona, ile pembe kali ndio 45, ishike kando ya mgongo wa kiti ulinganishe. Ikisimama sana kidevu kinaangukia kifua na njia ya hewa inajifunga, na mtoto mchanga hana nguvu ya kujiinua. Ikilala sana nayo, kwa ajali anateleza kuelekea juu. Siti za gari zingine zimeinama nyuma sana na kiti haiwezi kulala vya kutosha. Hapo taulo iliyokunjwa ikaze, chini ya ile sehemu ya kiti iko upande wa miguu ya mtoto, pale siti ya gari inakutana na mgongo wake, inasaidia, kama kitabu cha hiyo kiti kinaruhusu. Mtoto akianza kukaa mwenyewe na kushika shingo, unaweza kuisimamisha zaidi kulingana na maelekezo, na wengi wanafurahia juu wanaona nje.

Sasa mkanda. Kwa kiti kuna njia imechorwa: bluu ni ya kuangalia nyuma, nyekundu ni ya kuangalia mbele. Fuata hiyo rangi hata kama inaonekana inapita mahali ya ajabu. Hakikisha haujajisokota popote. Ingiza mpaka usikie tak. Halafu weka goti ama kiganja ndani ya kiti, pale pale mkanda unapita, ulalie na uzito wako, na mkono ule mwingine uvute mkanda wa begani kama unavuta maji kwa kisima, kidogo kidogo, ule wa kiunoni unakaza kwanza halafu ule wa juu unameza kilichobaki. Watu husukuma mgongo wa kiti badala ya hapo mkanda unapita, wanatoka jasho na kiti bado inacheza.

Baadaye lazima mkanda ujifunge usirudi kulegea, na hapa ndio siri ambayo hakuna mtu aliniambia. Vuta mkanda wa gari yako pole pole mpaka mwisho kabisa, halafu uuachie urudi. Ukisikia tiki tiki tiki na hauwezi kuuvuta tena, huo unajifunga wenyewe, basi vuta mpaka mwisho, uachie urudi huku umelalia kiti, umemaliza. Usiposikia kitu, huo mkanda unashika tu ukipiga breki, siku zingine zote unateleza. Kwa gari za Japani nimekutana na zote mbili. Kama ni ule wa kuteleza unahitaji kiti yenye kibanio chake cha kushika mkanda. Kiti nyingi za Ulaya na baadhi za Marekani za siku hizi ziko nacho, zile za zamani za Marekani zilikuwa zinakuja na klipu ya chuma yenye umbo la H ambayo hupotea ikiwa mtumba. Bila moja ya hizo, ukifika Londiani kiti imelegea tayari.

Angalia pia ile shingo ya kifungio cha gari. Ikiwa ndefu sana inakuja mpaka kwa ukingo wa kiti, inakunjwa pale na inaweza kukatika ama kufunguka. Hapo jaribu upande ule mwingine ama siti nyingine.

Kupima: shika kiti kwa njia ya mkanda, sio juu, uitikise kushoto kulia na mbele nyuma kwa nguvu ya kusalimiana, sio ya kung'oa mti. Isisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu. Kiti ya kuangalia nyuma sehemu ya juu upande wa kichwa itacheza, hiyo ni kawaida, usiogope.

Kama gari iko na ISOFIX

Ingiza vidole kwa ule mfereji kati ya siti na mgongo wa siti. Ukigusa vyuma viwili kama vishikio vidogo, hiyo ndio ISOFIX, kiti inajishika hapo bila mkanda wa gari. Wengine kuna kastika kadogo hapo juu yake. Probox na gari zingine za kazi angalia kabla ya kununua kiti, usije ukarudi nyumbani na kiti ya ISOFIX na gari haina.

Ingiza mikono ya kiti mpaka tak mbili, sio moja, na alama zigeuke kijani. Sukuma besi, ile sehemu ya chini ya kiti, mpaka ikumbatie siti. Halafu kuna kitu ya tatu, ambayo ni mguu unaoshuka kwa sakafu ama kamba ya juu inayoenda nyuma ya siti, hiyo ndio inazuia kiti isipinduke mbele. Mguu ukanyage sakafu ngumu, sio kifuniko cha kale kasanduku ka chini ya kapeti kenye hutoa sauti ya debe. Na kamba ya juu ifungwe kwa chuma chake halisi, kina alama ya nanga, sio kile kindoana cha kufunga mizigo kwa buti. Nimeona imefungwa kwa kindoana cha mizigo kwa Fielder na mwenye gari akanibishia dakika kumi.

Usifunge ISOFIX na mkanda wa gari zote pamoja ati ndio iwe ngumu zaidi, isipokuwa kitabu kimesema hivyo. Na kumbuka hivyo vyuma viko na mwisho wao wa uzito: kwa i-Size kiti na mtoto pamoja wasipite kilo 33.

Kumfunga mtoto mwenyewe

Legeza mikanda yote kwanza. Sukuma makalio yake mpaka nyuma kabisa, hii watu huruka, anakaa ameinama kama mzee wa baraza na mikanda inamshika tumbo. Mikanda ya begani ikiwa anaangalia nyuma itokee sawa na mabega ama chini yake kidogo, akiangalia mbele itokee sawa ama juu yake kidogo. Usiache ilivyokuwa siku ya kununua, watoto wanakua haraka kuliko tunavyokumbuka kupanga.

Vuta ulegevu wa mapajani kwanza kwa kupandisha mikanda ya kifua juu, halafu ndio uvute ile kamba ya mbele ya kukaza. Jaribu kufinya mkanda pale kwa mfupa wa bega kama unafinya nguo. Ukishika mkunjo, kaza tena. Vidole vikiteleza tu, simama hapo. Klipu ya kifuani kama iko, iwe sawa na makwapa, sio kwa tumbo. Kama kiti haina klipu usiongeze, ilitengenezwa hivyo.

Jaketi. Jamani jaketi. Tukitoka Nakuru saa kumi na moja asubuhi na ile baridi ya Mau Summit, mtoto amevalishwa kama anaenda kuchunga mbuzi juu ya mlima, halafu mkanda unapita juu ya hiyo sufu yote. Fanya hivi siku moja: mfunge na jaketi, kaza vizuri, mtoe bila kulegeza, mvue jaketi umrudishe. Utaona mkono wako mzima unaingia kati ya mkanda na kifua. Hiyo nafasi ndio angerushwa nayo. Mfunge na nguo nyembamba, halafu leso ama blanketi iende juu ya mikanda. Mkishuka Awasi na joto ikianza unaitoa tu bila kumwamsha.

Vile vimito vya mtoto mchanga vilivyokuja na kiti vitumie mpaka kilo zilizoandikwa, halafu vitoe. Vile vya maua maua vya kununua kando, hapana.

Kilio, joto na uji

Ikiwa amefungwa sawa na bado analia, angalia haya kabla ya kugusa mkanda. Mkanda wa katikati ya miguu unaweza kuwa uko kwa tundu la karibu sana na amekua, usogeze mbele kama kiti inaruhusu. Jua nayo, kwa njia ya Nakuru kwenda Kisumu mchana inamfuata upande mmoja, weka kile kivuli cha wavu kwa dirisha, sio taulo inayoanguka. Ahero na Kisumu kile chuma cha kifungio kikikaa kwa jua kinachoma kama pasi, kwa hivyo mkipaki funika kiti na leso nyeupe na uguse chuma na mkono wako kabla ya kumweka. Na usimwache ndani hata dakika kumi ukikimbia kuchukua samaki Dunga. Kwa dakika kumi tu joto ya ndani inaweza kupanda nyuzi 10.

Pumziko ni lazima. Mtoto mchanga wa wiki chache usimweke muda mrefu, nusu saa hivi mtoe anyooke, na kama safari inaweza kungoja, ingoje. Wakubwa kila saa mbili mtoe. Akilala kwa kiti na mmefika, mtoe umlaze kitandani, usimwache kwa kiti sebuleni ati usimwamshe.

Uji ukiingia kwa kifungio na kikaanza kukwama, kioshe na maji ya uvuguvugu kikauke. Usitie mafuta, usitie jiki, na mikanda usiiloweke kwa beseni na nguo, ipanguse na kitambaa na sabuni nyepesi, juu dawa kali inakula nyuzi zake.

Kubadilisha, na busta

Kiti ya kuangalia nyuma imemtosha mwisho kama juu ya kichwa chake na ukingo wa kiti imebaki chini ya sentimita 2 na nusu, ama amefika kilo za mwisho. Ile ya kuangalia mbele imeisha kama mabega yamepita tundu la juu kabisa. Hapo anaingia busta, kile kiti cha kumwinua ndio mkanda wa gari umkae sawa, na ya kuwa na mgongo ni nzuri zaidi juu inaongoza mkanda na akilala haanguki kando.

Busta anaitumia mpaka mkanda wa gari umkae kama mtu mzima: mgongo umegusa siti, magoti yanakunjika mwisho wa siti, mkanda wa chini uko kwa mifupa ya nyonga sio tumboni, wa juu uko katikati ya bega sio shingoni, na anaweza kukaa hivyo safari yote. Wengi hufika hapo wakiwa na kati ya sentimita 135 na 150. Darasa la nne ama la tano hivi. Atakuambia ana aibu mbele ya marafiki zake, mwambie hata aibu ifungwe mkanda.

Kabla ya kuwasha gari kila safari mimi natikisa kiti mara moja, nafinya mkanda wa bega mara moja, naangalia hakuna kitu nzito iko huru nyuma. Mkungu wa ndizi, mtungi wa gesi, sufuria ya dani, vyote viende buti na vifungwe, juu breki ikishikwa kwa ghafla vinakuja mbele na spidi ya gari.

Na kiti ikiwa ndani ya ajali ya maana, hiyo imeisha, hata kama haionyeshi kitu. Kata mikanda yote na kisu, andika na makapeni kubwa IMEPATA AJALI, ndio utupe. Ukiitupa ikiwa nzima itaokotwa kwa jaa la taka la Gioto, ioshwe, na wiki ijayo iko sokoni inangoja mama mwingine mwenye haraka.